Mkono wa Saba wa Bembea

Chuma kizima ukikigonga hulia kama kengele ya kanisa la ng'ambo ya bonde. Chuma chenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Hayo nilifundishwa na Msangu mmoja, fundi wa bembea, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na sijui la kufanya na shule niliyosoma. Nilikuwa nimeacha kazi ya ukarani mara mbili. Mama alisema nina mdudu kwenye nyayo, na hajakosea mpaka leo. Nimekwisha ingia miaka ya arobaini, nimeishi miji nisiyoweza kuikumbuka yote, lakini nikipita kwenye daraja la chuma bado nasimama, nalipiga kwa ufunguo au kwa sarafu, halafu nasikiliza. Watu hudhani nimerukwa na akili.

Bembea yenyewe ilikuwa nguzo nene ya chuma, ndefu kama nyumba mbili zilizopandana. Juu yake palikuwa na taji, na kwenye taji mikono kumi na miwili iliyotandazwa kama mbavu za mwavuli. Kila mkono ulining'iniza kiti kimoja kwa minyororo. Injini iliyowahi kusaga mahindi ilivuta mkanda, mkanda ukazungusha nguzo, na viti vikaruka kwenda nje, watu wakipiga mayowe na kumwita Mungu kwa lugha zote za nyanda hizi. Watu wa Mbeya waliiita kizunguzungu, na jina hilo likaifuata kila ilikokwenda.

Ilikuwa imezeeka kabla haijatufikia. Tajiri wetu alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Aliinunua kwa watu walioitoa pwani, na hao nao waliinunua kwa wengine. Ukiikwangua rangi unakuta nyekundu, chini yake kijani, chini yake buluu, na chini kabisa kutu. Tajiri aliipakia kwenye lori lile lile la mchele, tukawa tunakwenda nayo Mbeya, Makongolosi kwa wachimba dhahabu, kisha Iringa, na kurudi.

Kuitunza ilikuwa kazi ya watu wawili, fundi na mimi. Mbeya, miezi ya baridi, grisi iliganda ikawa ngumu kama mafuta ya ng'ombe, tukaota moto sisi na kopo la grisi pamoja. Makongolosi vumbi la machimbo liliingia kwenye beringi, tukazifungua na kuziosha kwa mafuta ya taa, moja moja, juu ya gunia safi. Pingili za mnyororo zilizolika tulizikata na kutia nyingine. Nati zilizolegea tulizikaza, na zilizokataa kukazwa tulizifunga kwa waya tukiomba Mungu.

Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda, fundi alipanda ngazi na nyundo ndogo. Aligonga kila mkono pale unapoingia kwenye taji, mahali palipofunikwa na bangili ya chuma. Hapo huwezi kuona kitu bila kuvua bangili yenyewe, kwa hiyo anayejua hutumia sikio. Alijifunza hivyo kwenye karakana ya machimbo ya Makongolosi, alikofanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kuponda mawe. Aligonga, akainamisha kichwa, akasema, "Mzima." Akahamia unaofuata. Mikono kumi na miwili, "mzima" kumi na mbili. Ndipo aliposhuka na kutoa pini mfukoni mwa shati. Pini ile, nene kama kidole gumba, ndiyo iliyounganisha mkanda na nguzo. Bila hiyo injini ingeweza kunguruma kutwa na bembea isisogee. Hakumwachia mtu yeyote aishike, hata mimi.

Mimi ni Mhehe. Babu zetu na Wasangu walichinjana vibaya sana, na wajukuu tukarithi utani. Mtani hakasirikiwi. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia sokoni, nawe utacheka, na kofia utaipata tena ukimpa anachotaka. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na mzee yule.

"Kamwene, Mhehe," alinisalimu kila asubuhi kwa lugha yangu. "Nimepita mtaani sikuona hata mbwa mmoja. Umeshapata chai?"

"Nimepata, mzee. Na babu zako wamesharudi kutoka Usafwa, au bado wanakimbia?"

"Hawakukimbia. Walikwenda kutafuta hali ya hewa nzuri."

Kitu kimoja nilichomtania zaidi ni kelele zake. Mzee alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nilimwambia Wasangu wote wa Ubaruku wako hivyo, wamezoea kufukuza ndege kwenye mpunga tangu utotoni, hata kanisani wanamfokea padri. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilijiona hodari. Haikunijia kwamba labda kuna sababu nyingine ya mtu kupiga kelele.

Na utani nilioupenda kuliko wote ulikuwa huu: mzee akiwa juu ya ngazi, nilitikisa ngazi na kupiga ukelele kutoka chini, "Mzee, mkono unaanguka! Msangu kimbia!" Mara ya kwanza aliruka ngazi tatu. Mara ya pili alitupa nyundo. Kufikia mara ya kumi hakugeuka. Alijibu tu, bila kuniangalia, "Ukianguka utakuangukia wewe, mla mbwa."

Tulifika Iringa kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Uwanja tuliopewa ulikuwa ukingoni mwa mji, kwenye mawe makubwa yale ya Iringa yanayokaa kama ng'ombe waliolala. Tulishusha mikono kutoka kwenye lori, mmoja mmoja, yeye akishika ncha moja na mimi nyingine. Tulikuwa tumeubeba ule wenye namba saba, niliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe hapo na kwenye kiti chake. Mbwa mmoja mwembamba akatokea nyuma ya jiwe, akatutazama, akarudi alikotoka.

"Umemwona?" fundi akasema. "Amekutambua. Amekwenda kuwaambia wenzake."

Nilicheka, mikono ikalegea. Ncha yangu iliponyoka, mkono wa saba ukaangukia jiwe kwa upande wa taji. Ulitoa mlio mfupi, mkavu.

Mzee aliinama, akautazama, akaugonga. "Mzima," akasema. "Chuma cha zamani hiki. Inua."

Nami nilidhani nimesikia kitu katika mlio ule, lakini nilikuwa nimeaibika kwa kuuangusha, kwa hiyo nikainua.

Asubuhi ya sikukuu upepo ulikuwa wa baridi ya kukata masikio. Bembea ilikuwa imesimama, viti vyote vimefungwa. Mzee alikuwa kwenye injini, nikapanda ngazi na nyundo yake kupaka grisi kwenye taji. Sijui kwa nini niligonga. Mkono wa tano, kengele. Wa sita, kengele. Wa saba, chungu.

Niligonga tena. Nikarudi wa sita, nikaja wa saba. Chungu. Nilikwangua rangi kwa kisu pembeni mwa bangili. Nyekundu, kijani, buluu, kutu, na hakuna ufa. Kama upo, uko ndani ya bangili. Nilishuka mbio.

"Mzee, mkono wa saba una ufa."

Alikuwa anamimina maji kwenye injini huku akinitazama. "Na mimi nina ufa, nikikaa vibaya unaonekana."

"Sitanii. Nimeugonga. Unalia kama chungu."

"Njaa hiyo. Mhehe mwenye njaa husikia vyungu kila mahali."

"Mzee, naapa kwa mama yangu."

Akanitazama, akacheka, akanipigapiga begani kwa mkono wenye mafuta. "Leo umeigiza vizuri. Umejikausha na uso kabisa. Ukiendelea hivi nitakuoza binti yangu."

Nikamfuata. Nikamwomba apande tu mara moja asikilize. Akapanda, kwa kuninyamazisha. Aligonga mkono wa saba mara tatu mbele yangu, nikausikia mimi niliyekuwa chini, mlio mfu usio na mkia. Akainamisha kichwa kama kawaida yake.

"Mzima," akasema.

Nilisimama pale nikijiuliza kama wazimu ni wangu au wake. Nikaenda kwa tajiri. Alikuwa kwenye lori anahesabu magunia ya mchele aliyoyatoa Ubaruku kuja kuuza sikukuu.

"Fundi amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema mzima."

"Basi mzima. Au wewe ndiye fundi siku hizi?"

Watu wakaanza kufika baada ya misa. Walikuja kwa makundi, wanawake wamejifunga mablanketi juu ya nguo za kanisani, wanaume na kofia zao, watoto wakitangulia mbio. Na kati ya wanawake nikamwona mama yangu mdogo.

Ndiye aliyenilea mama alipokuwa anaumwa. Alitoka kijiji cha karibu na Tosamaganga kwa miguu, alfajiri, na wenzake wa chama cha akina mama, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia barua ya kujisifu. Nilimwambia atapaa kama malaika. Barua ile niliitafuta sana moyoni asubuhi ile ili niichane.

"Mwanangu!" akanikumbatia. "Ndiyo hii? Mbona nyembamba hivi?"

"Mama, usipande kwanza. Ngoja mchana."

"Nimetembea saa tatu ningoje mchana? Nikae wapi?" Akaanza kuzunguka viti akisoma namba zangu. "Moja, mbili... Hapa. Saba. Kama sakramenti." Akaketi, akajifunga mnyororo wa mbele, akakunja blanketi lake chini ya mapaja.

"Mama, chukua cha nne."

"Cha nne kina nini? Wewe nenda kafanye kazi yako."

Viti vikajaa. Mwalimu mmoja na mkewe. Wasichana watatu waliokuwa tayari wanapiga mayowe na hakuna kilichosogea. Mzee akawasha injini, ikakohoa, ikashika. Nilipaza sauti kwamba mkono wa saba ni mbovu. Watu wakacheka. Walikuwa wametuona jana tukitupiana maneno uwanjani, walijua Mhehe anamtania Msangu. Mhehe mmoja akaniita ndugu kwa lugha yetu, "Mwambie, mnyalukolo! Mwambie akimbie kama babu yake!" Nikapiga kelele zaidi, wakacheka zaidi. Kila nilichosema kiligeuka utani kikiwa bado mdomoni.

Mzee akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa pini, akainama kwenye nguzo.

Sikupanga. Niliruka, nikaipokonya mkononi mwake, nikakimbia.

Uwanja mzima uliangua kicheko. "Mtani kaibiwa! Msangu kaibiwa!" Mzee akanifukuza kuzunguka mawe akitoa matusi mazuri ya kwao, naye akicheka, kwa sababu hadharani namna ile hakuwa na njia nyingine. Nilipanda juu ya jiwe kubwa, nikainua pini juu ya kichwa.

"Haya, mwizi," akasema chini, anahema. "Unataka nini?"

Ndiyo kanuni. Mtani akichukua, anataja, anapewa, anarudisha. Nilitazama lori.

"Nataka mchele."

"Nilijua tu! Njaa!" Watu wakapiga makofi.

"Sitaki kuula. Nataka upande bembea. Gunia moja kwenye kiti cha saba, jingine kiti cha kwanza kinachotazamana nacho, isiyumbe. Watu wote washuke. Mizunguko kumi. Baadaye nakupa pini yako na nakupigia magoti."

Tajiri alikuja mbio. "Mchele wangu? Mchele wangu upande bembea?"

"Mpeni!" wanawake wakaimba. "Mpeni, ni mtani wake! Mchele nao usherehekee!"

Tajiri hakuwa mtani wa mtu yeyote pale, lakini alikuwa mfanyabiashara, na mbele yake palikuwa na uwanja uliojaa watu wenye furaha. Akainua mikono. "Magunia mawili. Na wewe," akaninyooshea kidole, "jioni huna kazi."

Wakashuka wote ila mama mdogo. Alikaa kwenye kiti namba saba amenikazia macho, hacheki. Alinilea, alijua uso wangu. Akafungua mnyororo polepole, akashuka. Kuli wa lori akaweka mahali pake gunia ambalo halikujaa, lenye uzito wa mtu mnene, na jingine kwenye kiti cha kwanza.

"Mnanipima mimi?" mama mdogo akauliza, watu wakacheka tena.

Nikarudisha pini. Mzee akaitia, akaigonga, akasukuma mpini wa mkanda. Bembea ikaanza kusogea.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa ya taratibu, magunia yakining'inia kama wazee wawili wamekaa barazani. Wa tatu na wa nne yakaanza kuinuka kwenda nje. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, jicho likiufuata mkono wa saba unapopita. Nilitamani uvunjike. Nilitamani usivunjike. Kama ungemaliza mizunguko kumi, mama mdogo angerudi kukaa pale, na nisingekuwa na neno lingine duniani la kusema. Wa sita. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mzee, mkono mmoja kwenye mpini, alinigeukia akanikonyeza, mgongo wake kwenye bembea.

"Saba!" watu wakahesabu.

Hapo ulilia. Ulikuwa mlio mkubwa kama risasi, hata watu wa mwisho kabisa uwanjani waliinama. Mkono wa saba ulikatika kwenye bangili, ukashuka kama bawa lililovunjika, umeshikiliwa na waya wa nati tu. Gunia likatoka kwenye kiti, likaruka juu ya ua wa kamba, likapasukia kwenye jiwe. Mchele ukamwagika wote.

Na mzee alikuwa bado ananikonyeza.

Hakugeuka. Hakushtuka. Mkono wake ulibaki kwenye mpini, injini ikaendelea, na kiti kitupu cha saba kikawa kinaburuzwa chini, kinakuja kuzunguka kuelekea mgongoni kwake. Watu mia wanapiga mayowe, na yeye anatabasamu. Nilimwona akianza kutazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma barua ngumu. Nilichukua gogo tulilokuwa tukilikalia penye injini, nikaupiga mkanda ukatoka kwenye gurudumu, nikamvuta shati. Kiti kilipita pale aliposimama, kikajikunja kwenye nguzo, kikatulia.

Injini ilinguruma peke yake kwa muda. Nikaizima.

Hakuna aliyecheka tena. Kuku wawili walikuja kwenye mchele, hakuna aliyewafukuza. Tajiri alikaa juu ya ngazi ya lori, akavua kofia. Jioni hakunifukuza wala hakutaja tena habari hiyo. Mama mdogo alikwenda akasimama karibu na gunia lililopasuka, akalitazama sana, kisha akafanya ishara ya msalaba.

Tulipoushusha mkono, mzee alipiga magoti penye ncha iliyokatika. Nusu ya jeraha ilikuwa nyeupe, inang'aa, na nusu ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa unyevu wa usiku mmoja. Ufa wa jana. Akatoa nyundo kiunoni, akagonga kile kipande mara moja.

"Unaliaje, mtani?" akaniuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kama chungu."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nasikia mkononi tu. Nasikia nyundo inaruka. Sauti iliisha Makongolosi, miaka mingapi sijui. Ningesema nani angenipa bembea?"

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia kweli. "Mimi ndiye niliyeuangusha. Nilicheka nikaachia."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekuchekesha."

Tulifungua bembea nzima. Wiki tatu tulikaa pale Iringa, tukavua bangili zote kumi na mbili na kukwangua rangi ya miaka yote mpaka kwenye chuma chenyewe. Mkono wa saba tuliufua upya motoni, na bangili yake tuliivalisha ikiwa nyekundu ya moto ili ikipoa ibane. Alinifundisha kila kitu, akizungumza polepole, akinitazama mdomo ninapojibu. Utani haukuisha. Lakini sikuwahi tena kupiga ukelele kwamba kitu kinaanguka, hata siku moja, hata kwa watu wengine.

Jumapili ya kwanza tulipoanza tena kupandisha watu, mama mdogo alirudi. Nilifikiri atakaa mbali atazame. Alizunguka viti akisoma namba, akafika cha saba, akaketi, akakunja blanketi chini ya mapaja.

Mzee alipanda ngazi. Nilisimama chini, mahali tulipokubaliana. Aligonga mkono wa kwanza, akageuka akanitazama usoni. Nikaitikia kwa kichwa, akahamia wa pili. Watu walidhani ni mchezo mwingine wa watani, wakaanza kutucheka. Alipofika wa saba aligonga mara tatu, na mara zote tatu aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilisikiliza mpaka mlio ulipokwisha kabisa, mbali huko, kama kengele ya ng'ambo ya bonde.

Nikaitikia. Akashuka, akatoa pini mfukoni, akanipa mimi niitie.